Mabega ya Jushin Liger

Mwanamieleka hula kwa uso wake. Akiumia hukunja sura, akighadhibika hutoa macho, na watu walioketi mbali kabisa na ulingo humwelewa. Jushin Thunder Liger alikaa bila uso tangu mwaka 1989 hadi alipostaafu Januari 2020, na kwa muda wote huo hakuna shabiki wa mieleka ya Japani aliyeshindwa kujua kama mtu yule anaumia, amekasirika, au anamdharau mpinzani wake. Alizungumza kwa mabega. Anayeziangalia kanda zake za zamani aiache kwanza ile miruko iliyompa jina, atazame jinsi anavyoinuka baada ya kupigwa. Kiganja hutangulia kupapasa sakafu. Bega moja hupanda, la pili husita. Kichwa hubaki kimeinama kitambo, na pembe za barakoa zikianza kugeuka kumwelekea mpinzani, ukumbi mzima umekwisha kujua kitakachofuata.

Alizaliwa Hiroshima mwaka 1964, jina lake Keiichi Yamada. New Japan, kampuni ya mieleka aliyoiota tangu utotoni, ilimkataa kwa ufupi wake, naye akaenda Mexico kujifunza. Huko huko wakubwa wa kampuni hiyo walimkuta, wakamrudisha nyumbani. Machi 1984 alipanda ulingoni uso wazi. Miaka mitano baadaye alivikwa vazi la shujaa wa katuni aliyebuniwa na Go Nagai: nyekundu na nyeupe kutoka utosini hadi miguuni, pembe, meno ya mnyama, nywele ndefu mgongoni. Tarehe 24 Aprili 1989, katika ukumbi wa Tokyo Dome, mpinzani wake wa kwanza chini ya barakoa alikuwa Kuniaki Kobayashi, mtu aliyejulikana nchi nzima kwa kumchania barakoa Tiger Mask. Kazi ya Liger ingeweza kuishia kuwa tangazo la biashara tu. Katuni yenyewe ilimalizika mwanzoni mwa mwaka 1990. Mtu aliendelea kwa miaka 30.

Sifa nyingi alizipata kwa mruko mmoja, aliouanzisha kabla hata ya kuvaa barakoa: anasimama juu ya nguzo ya pembeni, anaruka kwenda mbele huku mwili ukipinduka kinyumenyume, kisha anamwangukia kwa kifua mtu aliyelala. Lakini heshima yangu kubwa kwake ni kwamba alijua kuuweka kando. Mwaka 1994 alivunjika kifundo cha mguu. Mwaka 1996 aliondolewa uvimbe katika ubongo, akarudi kazini. Mwili ulipoanza kukataa kuruka, aliushusha mchezo wake chini: pigo la kiganja wazi kidevuni, mikaba ya taratibu, na ule mtindo wa kulala chali na kumwinua mpinzani hewani kwa mikono na miguu, mgongo umepindwa, dari usoni pake. Ubingwa wa New Japan wa uzani mwepesi, uitwao IWGP, aliushika mara 11. Wamarekani waliomwona akipambana na mwenzao Brian Pillman huko Milwaukee, Februari 1992, hawakuwa na neno moja la Kijapani, lakini walimfuata hatua kwa hatua.

Kuna dakika moja ninayoirudia kuliko zote. Ni tarehe 16 Aprili 1994, ukumbi wa Ryogoku, Tokyo. Liger amewakusanya wanamieleka wepesi kutoka kampuni zilizokuwa mahasimu, kwa shindano la usiku mmoja liitwalo Super J-Cup. Katika nusu fainali anakutana na The Great Sasuke, kijana wa kampuni ndogo ya mkoani, naye amevaa barakoa. Nyuso mbili zilizofichwa. Karibu na mwisho, Sasuke anapanda juu ya kamba ili amrukie. Mguu unateleza. Anaanguka vibaya, kila mtu ameona.

Mwanamieleka wa kawaida angeifunika aibu ile haraka, amwinue mwenzake, mchezo uendelee kana kwamba hakuna kitu. Liger alisimama, akampigia makofi ya kejeli. Kifua mbele, mabega yamelegea, mzee anamcheka mtoto. Na akiwa katika kiburi hicho, Sasuke alimrukia, akamdaka kichwa kwa miguu, akampindua, akambana mgongo chini hadi mwamuzi akahesabu tatu. Kosa ambalo lingeharibu pambano likawa sababu ya mwenyeji kushindwa. Hilo huwezi kulifundisha kwa kurudia miruko. Linataka mtu anayemsikiliza aliye mbele yake, na aliye tayari kushindwa kwa faida ya mwenzake.

Raundi ya kwanza usiku ule alikuwa amepambana na kijana mwingine mwenye barakoa, Hayabusa, mrukaji mwenye kipaji cha kutisha. Oktoba 2001 mguu wa Hayabusa nao uliteleza kwenye kamba. Alitua kwa kichwa, akapooza. Alifariki Machi 2016. Namtaja kwa sababu miruko ile ina bei, na naona imeanza kutumiwa bila kuhesabu bei yake.

Wanamieleka wa leo wana miili bora kuliko Liger alivyowahi kuwa nayo. Hilo silibishi. Ila mtu anapokea pigo lililowahi kumaliza pambano la ubingwa, naye anasimama mara moja kwenda kupokea jingine, maana simu za watazamaji zinangoja kipande cha sekunde kumi. Mkono haupapasi tena sakafu. Hakuna anayesubiri. Mruko wa Liger unaonekana mapema jioni, katika mapambano ya kufungua pazia, watu wakiwa bado wanatafuta viti vyao, na aliyerukiwa anaamka.

Yeye mwenyewe aliondoka kwa adabu ya kazi. Tarehe 5 Januari 2020, Tokyo Dome, akiwa na miaka 55, alipambana kwa mara ya mwisho akiwa upande mmoja na Naoki Sano, hasimu wake wa ujanani aliyewahi kuichana barakoa yake hadi damu ikaonekana. Hiromu Takahashi, kijana wa kampuni ile ile, alimlaza mgongo. New Japan bado huwavalisha wanafunzi wake bukta nyeusi tupu na kuwanyima mapambo na miruko mpaka wamejua kuanguka na kuinuka. Ningependa wawanyime kwa muda mrefu zaidi.