Telfer na skramu ya wafupi: jinsi Springboks walivyosukumwa

Trai inayokumbukwa zaidi katika ziara ya Lions, timu ya raga ya Uingereza na Ireland, nchini Afrika Kusini mwaka 1997 ni ya Matt Dawson. Ilikuwa Juni 21, uwanja wa Newlands, Cape Town. Dawson alichomoka upande wa kulia, akajifanya anarusha mpira, walinzi wa Afrika Kusini wakaduwaa, naye akapita. Lions wakashinda 25-16. Lakini tazama mpira ule ulikotoka: ulitoka kwenye skramu, pale mafowadi wanane wa kila upande wanaposukumana, na skramu ile ilikuwa kazi ya Jim Telfer, Mskoti aliyewanoa mafowadi chini ya kocha mkuu Ian McGeechan.

Springboks, yaani timu ya Afrika Kusini, mabingwa wa dunia, walikuwa na Os du Randt, propu (mchezaji wa mstari wa mbele wa skramu) mrefu mwenye nguvu za kutisha. Wengi walitarajia Lions wajibu uzito kwa uzito, kwa kumpanga Jason Leonard. Badala yake walipangwa Tom Smith na Paul Wallace, mapropu wafupi, na Keith Wood katikati yao.

Hesabu ya Telfer ilikuwa hii. Katika skramu, mwenye kifua cha chini ndiye anayeamua nguvu ziende wapi. Propu mrefu akilazimishwa kushuka kupita kimo anachokizoea, mgongo unapinda na nguvu za wenzake walio nyuma zinakatikia kiunoni mwake. Mfupi aliyenyoosha mgongo, magoti yamekunjwa, anamwingia chini ya kifua na kumwinua. Haya yanawezekana tu wote wanane wakisukuma kwa pumzi moja. Ndiyo maana Telfer aliwatesa mafowadi kwenye mashine ya skramu, hasa baada ya kufungwa na Northern Transvaal wiki mbili kabla. Siku ya mechi, skramu za mwanzo Lions walirudishwa nyuma. Wakashuka zaidi, na Wallace akaanza kumsumbua du Randt.

Maarifa hayo Telfer aliyalipia. Akiwa fowadi wa Melrose na Uskoti, alizuru New Zealand na Lions mwaka 1966, akaona mafowadi wa huko wanavyofika pamoja, wameinama, juu ya mpira ulioanguka. Mwaka 1983 alirudi huko akiwa kocha wa Lions, akapoteza mechi zote nne za kimataifa. Mwaka uliofuata aliiongoza Uskoti kuwashinda wapinzani wote wanne wa mashindano ya Mataifa Matano, jambo ambalo nchi hiyo haikuwa imelifanya tangu 1925.

Mbinu hii ina mpaka wake. Katika mechi ya pili dhidi ya Springboks mwaka 1997, Durban, Springboks walifunga trai tatu, Lions hawakufunga hata moja. Waliokolewa na penalti tano za Neil Jenkins na teke la mwisho la Jeremy Guscott, 18-15. Skramu imara haikuziba mianya ya ulinzi. Ilichofanya ni kuwanyima wenyeji silaha waliyoitegemea zaidi, na hiyo ilitosha kuamua ziara kwa mechi mbili dhidi ya moja.

Kwa kocha mwenye vijana wepesi, somo liko wazi: kabla ya kutafuta propu mwenye kilo nyingi zaidi, kagua kwanza migongo na magoti ya wale ulio nao, kisha uwafundishe wanane kusukuma kwa wakati mmoja.