Fundi Anayeuliza Faili Limetoka Wapi

Simu huanza karibu kila mara kwa namna moja. Karani wa shule huko Muleba anapiga, na salamu hazijaisha vizuri anaingia kwenye shida yake: "Fundi, hapa kompyuta imeleta kidirisha, inasema kuna toleo jipya. Nibonyeze?" Upande wa pili, Bukoba mjini, fundi ana bisibisi mkononi na laptopu ya mteja imefunuliwa mgongo mezani. Anaiweka bisibisi chini. "Usibonyeze kwanza, dada. Nisomee kilichoandikwa, chote."

Dada anasoma. Akikwama kwenye neno la Kiingereza analitaja herufi kwa herufi, na fundi anaandika kwenye kipande cha karatasi. Si kwamba Kiswahili hakiwezekani: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ingekuwa kila kidirisha kinasema Kiswahili hivyo, simu hizi zingekuwa fupi. Lakini zingeendelea kupigwa, kwa sababu anachotafuta fundi katika kusomewa si maana ya maneno tu. Anataka kujua ni nani anayesema: programu yenyewe, au tangazo lililojipenyeza kwenye ukurasa wa intaneti na kuvaa sura ya programu.

Watu wengi huona kuinstoli ni kubonyeza "Next" mpaka ifike "Finish", na hushangaa mtu akidai ujira kwa hilo. Wanasahau kwamba vidole ndivyo sehemu nyepesi ya kazi. Kabla ya kubonyeza, fundi mzuri ameshaamua mambo kadhaa ambayo mwenye kompyuta hatayaona: faili litoke wapi, likae wapi, nani awe na ruhusa ya kulibadilisha, na siku toleo jipya likija, litafikaje.

Chukua 7-Zip, programu ndogo ya kufungua mafaili yaliyobanwa, iliyotungwa na Mrusi Igor Pavlov na kutolewa mwaka 1999. Faili lake la kuinstoli halifiki hata MB 2, kwa hiyo bando si kisingizio. Tatizo lake ni ukimya. Haijiapdeti, wala haileti kidirisha cha kumshtua karani. Windows hulitia alama faili lililotoka kwenye intaneti ili mtumiaji aonywe kabla ya kulifungua. 7-Zip ilikuwa na tundu: katika hali fulani, mafaili yaliyomo ndani ya furushi yalitoka bila alama hiyo, na onyo likapotea. Wahalifu walilitumia dhidi ya ofisi za Ukraine. Toleo 24.09, la Novemba 2024, ndilo lililoliziba. Kompyuta yenye 7-Zip ambayo haijaguswa tangu kabla ya hapo, iwe Kyiv au Kamachumu, bado ina tundu lile, na yenyewe haitamwambia mtu.

Basi ni kuapdeti kila kitu siku kinapotoka? Hapana. Mwaka 2017 programu ya CCleaner, iliyopendwa sana na mafundi kwa kusafisha kompyuta zilizochoka, ilitoka toleo 5.33 likiwa limepandikizwa programu hasidi. Lilitolewa na seva za kampuni yenyewe, likiwa na sahihi yake halali ya kidijitali, kuanzia 15 Agosti hadi 12 Septemba. Kompyuta zipatazo milioni 2.27 zililipokea. Aliyekimbilia toleo jipya ndiye aliyeumia, na aliyebaki na la zamani akasalimika. Fundi aliyeishi miaka hiyo alijifunza kupima: toleo linaloziba tundu ambalo watu wameshaanza kulitumia vibaya halisubiri, lakini toleo linaloleta rangi mpya na vitufe vipya linaweza kukaa wiki mbili wengine wakilijaribu. Huo ni uamuzi wa kichwa, na hakuna kitufe kinachoufanya kwa niaba yake.

Kuna swali la ruhusa, na hapa ndipo mafundi wenyewe hutofautiana. Programu ikiwekwa kwa ajili ya watumiaji wote, kila anayeiwasha kompyuta anaitumia, ila kuibadilisha kunadai nywila ya msimamizi. Nywila iko kichwani mwa fundi, fundi yuko Bukoba, na Muleba ni mwendo wa kilomita kama 70 kupitia Kemondo na Muhutwe. Ikiwekwa kwenye folda la mtumiaji mmoja, karani ataiapdeti mwenyewe bila kumwomba mtu. Lakini virusi vikiingia kupitia jina lake navyo vina ruhusa ileile, vinaweza kuichezea programu na hakuna mlango wa kuvizuia. Kwa chumba cha kompyuta cha shule, njia ya kwanza ni bora mara kumi, mradi nywila iandikwe, itiwe kwenye bahasha, ifungwe, ikabidhiwe mwalimu mkuu. Fundi anayeondoka na nywila kichwani amejifanyia kazi yeye, hakuifanyia shule.

Umeme na bando navyo vina neno. Kagera ni mkoa uliotegemea umeme wa kutoka Uganda kwa miaka mingi, na kukatika ghafla ni jambo ambalo kila mwenye kompyuta ya mezani amelionja. Programu inayojiapdeti yenyewe haijui kwamba umeme una mashaka, wala haijui kwamba bando lililobaki ni la kutuma matokeo ya mitihani. Ndiyo maana fundi huingia kwenye mipangilio ya Windows na kuuweka mtandao wa simu kuwa wa kupimwa, ili masasisho makubwa yangoje.

Na ziko sehemu ambazo mtandao wenyewe haupo wa kutegemewa. Wilaya ya Muleba haiishii nchi kavu. Ina visiwa ndani ya Ziwa Viktoria, kama Bumbire na Goziba. Huko toleo jipya husafiri kwa mtumbwi, ndani ya flashi. Zipo programu zilizotungwa kwa mazingira ya namna hiyo. Kolibri, ya shirika la Learning Equality, ni maktaba ya masomo inayofanya kazi bila intaneti na ina menyu za Kiswahili. Toleo jipya huinstoliwa juu ya lile la zamani kutoka kwenye flashi, na kabla ya kubadilika programu huhifadhi nakala ya kumbukumbu za wanafunzi. Watungaji wake walimfikiria mtu aliye mbali.

Lakini flashi nayo hubeba maradhi, na watu wa Muleba, waliokwisha kuyaona migombani, hawahitaji kuelezwa sana. Mnyauko bakteria wa migomba, uliothibitishwa Uganda mwaka 2001, ulionekana Tanzania kwa mara ya kwanza wilayani humo mwaka 2006. Hupita kwa wadudu, kwa miche iliyochukuliwa bila kuulizwa ilikotoka, na kwa kisu kilichokata mgomba mgonjwa kisha kikahamia mzima. Wakulima walifundishwa kupitisha kisu kwenye moto au kukiosha kwa JIK kabla ya kuingia kibanja kingine. Flashi inayozunguka kutoka stesheneri hadi ofisi ya kata hadi shule ni kisu kilekile. Virusi vya shotikati, vinavyoficha mafolda na kuacha vivuli vyake, vimesambaa hivyo kwa miaka mingi.

Kwa hiyo fundi makini ana flashi mbili. Moja ya wateja, inayoingia popote. Nyingine haigusi kompyuta ya mtu kabla kompyuta hiyo haijakaguliwa, na ndiyo inayobeba mafaili ya kuinstoli. Kila faili analivuta kwenye tovuti ya watungaji wenyewe, kisha anafungua kidirisha cheusi cha amri na kuandika certutil -hashfile, jina la faili, na SHA256. Inatoka namba ndefu ya herufi na tarakimu 64. Anailinganisha na ile waliyoichapisha watungaji, nne nne, kidole kikitembea kwenye skrini kama mtu anayehesabu mbegu. Herufi moja ikitofautiana, faili linafutwa. Ukaguzi huu usingemwokoa na CCleaner, maana ubaya ulikuwa chanzoni, lakini unamwokoa na faili lililoharibika njiani na lile lililochezewa na waliolipitisha.

Faili la toleo la zamani halitupi. Kibanjani, shina moja la mgomba huachiwa watatu: mama mwenye mkungu, mtoto, na mjukuu anayechipua. Kwenye flashi yake toleo linalotumika hukaa jirani na lililolitangulia, ili jipya likigoma kwenye kompyuta kuukuu ya biti 32 pawe na pa kurudi.

Kazi ikiisha anafungua daftari. Kwenye ukurasa wa shule ile anaandika jina la programu, toleo lililokuwepo, toleo lililowekwa, tarehe, na faili lilikotoka. Chini yake: nywila, bahasha, ofisi ya mwalimu mkuu. Namba ya toleo anaiandika tena kwenye kikaratasi na kukibandika pembeni ya skrini. "Siku nyingine ukinipigia, dada, anza na hii," anamwambia karani, huku akichomoa flashi na kuitia mfuko wa shati, peke yake.