Neno ‘bog’ si kinamasi tu

HEBU mpe mwanafunzi wa tafsiri shairi la Seamus Heaney, ‘Bogland’, linalofunga diwani yake ya 1969, Door into the Dark. Aghalabu atakimbilia kamusi na kurudi na ‘Nchi ya Kinamasi’. Basi, kazi imekwisha! Kwa maoni yangu, hapo ndipo kazi inapoanza kuharibika.

Neno ‘bog’ halikuzaliwa katika Kiingereza. Lilitoka kwa Wagaeli wa Ayalandi na Skotilandi. Katika Kiayalandi, bog ni kivumishi chenye maana ya ‘laini’ au ‘tepetepe’. Ukikiongezea kiambishi tamati -ach unapata nomino bogach, yaani mahali palipo tepetepe. Waingereza walichukua ulaini huo, wakaliacha jambo kubwa zaidi: kile kilichomo ardhini.

Kitu hicho Waayalandi hukiita móin. Ni mabaki ya mimea yaliyorundikana penye maji kwa maelfu ya miaka bila kuoza kabisa. Hukatwa vipande kama matofali, vikaanikwa, vikawa kuni za kupikia na kuotea moto. Nayo ardhi inayokatwa móin huitwa portach. Kwa hivyo kuna maneno matatu: moja la hali ya ardhi, jingine la kitu chenyewe na la tatu la mahali pa kazi. Kiingereza kinaweza kuyafunika yote kwa ‘bog’.

Sarufi nayo ina lake. Móin ni nomino ya kike, kwa hivyo ikitanguliwa na kibainishi an, sauti ya kwanza hulegea: an mhóin, ambapo mh hutamkwa kama v au w. Katika umilikishi, sisi hutumia -a unganifu na nomino ikabaki ilivyo. Kiayalandi hubadilisha nomino yenyewe: móin huwa móna. Ndiyo sababu shirika la umma lililoundwa mwaka wa 1946 kuchimba kuni hizo likaitwa Bord na Móna, wala si ‘Bord na Móin’.

Mwaka wa 2021 shirika hilo lilitangaza kwamba limekomesha uchimbaji huo kwa ajili ya mazingira. Kuni zikitoweka mekoni, maana huanza kutoweka vinywani. Mfasiri anayeandika ‘kinamasi’ pekee anaiharakisha safari hiyo.

Sisemi ‘kinamasi’ ni kosa kila mahali. Bogach naweza kuiita ‘ardhi tepetepe’. Ila móin ningeiita ‘mboji ya kuni’, na portach ‘machimbo ya mboji’. Msomaji akiona ‘kuni’ atajua kwamba ardhi hiyo iliwapa watu moto, si matope tu. Kamusi hutupa kisawe. Kazi ya mfasiri ni kuuliza wenye neno walikuwa wakilifanyia nini.