Maziwa Yakitoka Kwenye Mlo wa Wanga Kidogo

William Banting alikuwa msimamizi wa mazishi ya wakubwa mjini London. Agosti 1862, akiwa na miaka 65, alikuwa na uzito wa ratili 202, takriban kilo 92. Kuinama kufunga kamba za viatu hakuweza, na ngazi alizishuka kinyumenyume. Alimwendea daktari wa masikio, William Harvey, kwa kuwa usikivu wake ulikuwa umepungua, akatoka na orodha ya vitu vya kuacha: mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Mwaka mmoja baadaye alikuwa amepungua ratili 46. Kijitabu alichokichapisha 1863 ndicho kilichoutoa mlo wa wanga kidogo kwa waganga na kuufikisha kwa watu wa kawaida.

Itazame tena ile orodha. Siagi na maziwa vimo humo pamoja na mkate, na chai yake ya asubuhi Banting aliinywa bila maziwa. Mambo yaligeuka baadaye. Mwaka 1921 Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza mlo wa ketoni kwa wagonjwa wa kifafa. Katika umbo lake kali, mlo huo ulikuja kuwa na gramu nne za mafuta kwa kila gramu moja ya protini na wanga vikijumlishwa. Mtoto hawezi kunywa mafuta matupu, hivyo krimu ikawa nguzo. Mwaka 2013 Tim Noakes wa Afrika Kusini na wenzake walitoa kitabu cha The Real Meal Revolution, wakauita mlo wao kwa jina la Banting huku krimu na jibini vikiwa kwenye orodha ya vinavyoruhusiwa. Sidhani kama mzee mwenyewe angeitambua sahani hiyo.

Kwa hiyo anayepunguza wanga leo na kutaka pia kuacha maziwa anajikuta na mapishi ambayo karibu yote yamejengwa juu ya maziwa. Akichomoa jibini, krimu na mtindi, kinachobaki ni nyama, mayai na majani, na baada ya muda mfupi anarudi kwenye chapati. Ninavyoona, tatizo si utashi. Maziwa katika mlo huu yana kazi tatu kwa mpigo: yanaleta mafuta ya kumshibisha mtu, yanaleta kalsiamu, na yanalainisha chakula ambacho bila wanga huwa kikavu kooni. Wengi wanatafuta mbadala wa kazi moja na kudhani wamemaliza.

Ijulikane kwanza maziwa yanaondolewa kwa nini, maana kila sababu ina orodha yake. Anayejaa gesi na kuharisha tatizo lake kwa kawaida ni laktosi, sukari ya maziwa. Takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani hupungukiwa uwezo wa kuimeng'enya wakishakua. Afrika Mashariki ina sura yake hapa: mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba wafugaji wengi wa Tanzania na Kenya hubaki na uwezo huo kwa sababu ya badiliko la vinasaba lililozuka hukuhuku, tofauti kabisa na lile la Wazungu. Mtu wa kundi hili la tumbo hana haja ya kuacha kila kitu. Samli ni mafuta karibu yote, na jibini gumu lililokaa muda mrefu huwa limebaki na laktosi kidogo sana. Mwenye mzio wa protini ya maziwa ni habari nyingine: huyo aache yote, na hata samli aiogope kwa mabaki yaliyomo.

Kundi la tatu ni la wale ambao mizani imegoma. Hawa huambiwa kwamba maziwa yanapandisha insulini, na kuna ukweli ndani yake. Watafiti wa Lund, Uswidi, walionyesha mwaka 2001 kwamba maziwa na mtindi hupandisha sukari ya damu kidogo tu, lakini insulini huipandisha karibu sawa na mkate mweupe. Sababu inayotajwa zaidi ni protini za maji ya maziwa. Hata hivyo, mimi ningetafuta mchawi karibu zaidi. Gramu 100 za jibini gumu zina kalori kama 400, na huliwa kwa vipande vidogovidogo, mtu amesimama mbele ya friji, bila kuhesabiwa kama mlo. Krimu nayo humiminwa kwa jicho. Kuondoa vitu hivi viwili hupunguza chakula, na uzito ukishuka, sifa zote hupewa kule kuacha maziwa.

Kwetu lakini, maziwa hayaingii sana kwa njia ya jibini. Yanaingia kwa chai. Maziwa freshi yana karibu gramu 5 za laktosi kwa kila mililita 100. Kikombe kikubwa cha chai iliyopikwa nusu maji nusu maziwa kina maziwa kama mililita 150, yaani gramu 7 za wanga kabla ya kijiko cha sukari. Vikombe vitatu kwa siku vinafika gramu 21 au 22. Anayejiwekea kikomo cha gramu 20 hadi 50 kwa siku amekwisha kutumia karibu nusu au yote, na bado hajaona sahani. Hesabu hii ndiyo inayonifanya niseme kwamba kwa mtu wa Nairobi au Arusha, chai ya rangi yenye tangawizi, iliki na mchaichai ina faida kubwa kuliko mapishi kumi ya jibini bandia. Mtu wa Lamu na Unguja amezoea kahawa chungu tangu zamani, kwa hiyo hapo hana vita.

Asidanganyike mtu na ile krima ya unga ya kahawa inayouzwa kama si maziwa. Kiungo chake cha kwanza mara nyingi ni sharubati ya glukosi, na ndani yake kwa kawaida mna kaseinati, ambayo ni protini ileile ya maziwa. Imeshindwa pande zote mbili.

Sasa jikoni. Kazi ya mafuta na ulaini, jiko la pwani limeimaliza zamani kwa nazi, na mtu anaweza kupika mwaka mzima asikumbuke krimu. Ila nazi ina utaratibu wake. Nazi inunuliwe pevu na kavu. Ukiitikisa, maji yake yacheze ndani kwa sauti, kwani koroma ina nyama laini isiyo na mafuta ya kutosha. Muuzaji mwenye moyo mwema atakuambia mwenyewe: "Hiyo iache, mwanangu, haitoi tui." Ikikunwa kwa mbuzi na kukamuliwa kwa maji ya vuguvugu kidogo tu, tui la kwanza, kasimile, hutoka zito na jeupe, na huwa na mafuta kiasi cha gramu 20 au zaidi kwa kila gramu 100, wakati wanga wake ni gramu chache tu. Maji ya pili na ya tatu hutoa tui jepesi. Nyuzinyuzi nyingi hubaki kwenye chicha, ambayo kwa kawaida humwagiwa kuku, wakati unga wa nazi unaouzwa kwa bei ya kutisha kwenye maduka ya afya hutokana na masalia ya namna hiyohiyo, yakikaushwa na kusagwa. Chicha ikikaangwa kavu kwa moto mdogo hadi ianze kunukia hufaa kushikilia katlesi za samaki badala ya viazi.

Aliyezoea krimu huharibu tui kwa sababu anadhani tabia zao ni moja. Krimu nzito huvumilia moto na nyanya. Tui ni matone ya mafuta yaliyoshikiliwa ndani ya maji na protini kidogo, na protini hiyo ikipata moto mkali au uchachu huganda na kuachia mafuta. Hapo tui limekatika: mafuta yanaelea juu na chembe zinazama chini. Wapishi wa pwani hawakuhitaji maelezo hayo kuepuka balaa. Vitunguu, nyanya na ndimu hutangulia na kukaushwa vizuri. Tui jepesi huingia kuivisha samaki, bamia au kisamvu. Kasimile huja mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, huku mpishi akichota kwa upawa na kurudishia, kuchota na kurudishia, mpaka lichemke taratibu. Chungu hakifunikwi. Kwa samaki wa kupaka, kasimile hupikwa pembeni na ndimu, kitunguu saumu na pilipili mpaka lishike mgongo wa kijiko, kisha hupakwa samaki akiwa juu ya makaa, upande huu na ule. Sahani hiyo na kabichi iliyokatwa nyembamba na kukaangwa kidogo haidai wali.

Parachichi husaidia mahali ambapo mtindi ulikuwa kiungo cha baridi: lipondwe na ndimu, chumvi na giligilani. Lina mafuta kama gramu 15 kwa kila gramu 100, na sehemu kubwa ya wanga wake ni nyuzinyuzi. Korosho ni mtego. Mapishi mengi ya ng'ambo ya jibini lisilo na maziwa hutumia korosho zilizolowekwa na kusagwa, na Mtwara na Lindi mtu atazipata mlangoni. Lakini gramu 100 za korosho zina wanga wa gramu 30, nyuzinyuzi gramu 3 tu. Karanga zina nusu ya wanga huo, na nusu ya nusu hiyo ni nyuzinyuzi. Kwa mchuzi mzito, karanga za kusaga zinatosha.

Kuna pia imani kwamba mafuta ya nazi ni dawa ya kuzalisha ketoni. Chanzo chake ni cha kweli: mwaka 1971 Peter Huttenlocher na wenzake huko Yale, Marekani, waliwatibu watoto wenye kifafa kwa mafuta yenye minyororo ya kati, ambayo ini huyageuza ketoni upesi, hivyo mtoto akaruhusiwa wanga zaidi kidogo. Mafuta yale, hata hivyo, yalikuwa yamechujwa. Mafuta ya nazi ya kawaida karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, isiyo na kasi hiyo, na ile minyororo mifupi zaidi inayosifiwa ni sehemu ndogo. Tui lipikwe kwa kuwa ni tamu na linashibisha. Tena mafuta yake ni magumu kuliko ya siagi, kwa hiyo anayelitumia kila siku apime lehemu kabla na baada ya miezi michache.

Kazi ambayo nazi haiigusi ni kalsiamu. Glasi ya maziwa ya mililita 250 huleta kama miligramu 300, na mtu mzima huhitaji takriban 1,000 kwa siku. Tui lina chini ya 20 kwa gramu 100. Hapa ndipo wengi huanguka kimya, kwani mfupa hautoi kilio mapema kama tumbo.

Jibu la haraka ni mboga za majani, nalo ni nusu ya jibu. Mchicha na spinachi zina kalsiamu nyingi kwenye majedwali, lakini zina oksalati inayoikamata utumbo usiichukue. Robert Heaney na Connie Weaver walipima jambo hili nchini Marekani: kwenye spinachi mwili ulichukua kama asilimia 5 tu ya kalsiamu, wakati kwenye maziwa ilikuwa karibu 28. Walipopima majani ya jamii ya kabichi, ndugu wa karibu wa sukuma wiki, yaliyashinda hata maziwa, asilimia 41 kwa 32. Kwa hiyo ukiwa sokoni kutafuta kalsiamu, fungu la sukuma wiki halilingani na fungu la mchicha, hata bei ikiwa moja.

Mkubwa wao wote ni dagaa. Gramu 30 za dagaa wakavu, ujazo wa kiganja, zinaweza kulingana na glasi ya maziwa na mara nyingi huipita, kwa sababu huliwa na mifupa yao. Wanga hawana. Waloweshwe kwenye maji ya moto, wasuguliwe kwa vidole mpaka mchanga ushuke chini ya bakuli, wainuliwe badala ya kumwagwa, kisha wakaangwe wakavu kabla ya kitunguu. Vichwa vinavyotupwa kwa kuogopa uchungu vina mifupa pia. Asiyevipenda avikaushe, avisage na kuvitia kwenye mchuzi wa nazi, ambako havionekani. Asiyekula dagaa kabisa atumie sadini za kopo zenye mifupa. Vitamini za kundi B ambazo maziwa yalikuwa yakileta, mayai na maini yanazimudu bila taabu.

Tahadhari moja haina mjadala. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamaidi asipunguze wanga kabla ya kuonana na daktari wake, kwa maana dozi iliyopangwa kwa ugali inaweza kumshusha sukari hatari akiwa kwenye samaki na sukuma wiki. Na wiki za mwanzo figo hutoa chumvi na maji kwa wingi, hivyo kizunguzungu cha siku hizo mara nyingi huisha kwa supu yenye chumvi. Kuyasingizia maziwa yaliyoachwa ni kuyaonea bure.

Baada ya wiki tatu au nne za kuacha kabisa, asiye na mzio anaweza kupima. Samli irudi kwanza, peke yake, kwa siku kadhaa. Ikipita salama, kipande cha jibini gumu kinachopimwa kwenye mizani na kuliwa mezani. Kisha mtindi usio na sukari, kikombe kidogo pamoja na chakula. Maziwa freshi yawe ya mwisho, na yasianzie kwenye chai, kwa sababu chai haihesabiki.