Kazimoto na Daktari wa Oran

Swali la maana ya maisha ni la kale, na katika fasihi ya Kiswahili aghalabu lilijibiwa kabla ya kuulizwa. Utenzi ulianza kwa jina la Mungu ukaishia kwa dua, na baina ya mwanzo huo na mwisho huo kila taabu ilikuwa na mahali pake. Aliyefiwa aliusiwa kusubiri. Aliyedhulumiwa alikumbushwa kuwa iko siku ya hesabu. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyepata kusoma seminari, alitoa riwaya ya Kichwamaji, na ndani yake alimweka kijana asiyeweza tena kulipokea jibu hilo. Kijana huyo ni Kazimoto, mwanafunzi wa Chuo Kikuu. Anafikiri sana, anashuku kuwako kwa Mungu, na mwisho anajiua.

Ni rahisi kuisoma riwaya hiyo kama hukumu: kwamba imani ikimtoka mtu, na hamu ya kuishi humtoka. Msomaji mcha Mungu huweza kufurahi kwa hukumu hiyo, na msomaji asiye na dini huweza kuiogopa. Lakini kabla ya kufurahi au kuogopa, yafaa hukumu yenyewe ipimwe, na kwa kuipima hapana budi kutafuta kisa cha pili, cha mtu aliyepungukiwa imani kama Kazimoto na hata hivyo akaishi. Kisa hicho kimo katika La Peste, yaani Tauni, riwaya ya Albert Camus iliyotolewa Ufaransa mwaka 1947. Camus alizaliwa Algeria mwaka 1913, na mwaka 1942 alikuwa ameandika Le Mythe de Sisyphe, insha ndefu inayoanza na hoja kwamba swali la kwanza la falsafa ni kama maisha yanastahili kuishiwa au mtu ajiue. Basi Kazimoto aliishia mahali pale pale alipoanzia Camus.

Mambo ya Tauni hutokea Oran, mji wa bandari wa Algeria. Mwezi wa Aprili panya wanaanza kufa ngazini na mitaani. Baadaye watu nao wanakufa, na milango ya mji inafungwa. Daktari Bernard Rieux anabaki ndani, na mkewe mgonjwa yuko mbali alikopelekwa kutibiwa. Rieux hana imani ya dini. Hata hivyo anaamka kila siku, anapasua majipu, anaandikisha wagonjwa, anawatenga na jamaa zao wanaolia, analala kidogo, kisha anaanza tena. Hana ahadi ya kushinda, na anajua kuwa ushindi wowote wa tabibu ni wa muda. Je, anapata wapi nguvu?

Camus hakulikwepa swali hilo, wala hakumpa daktari mpinzani dhaifu. Dini inasemewa na Padre Paneloux, Mjesuiti mwenye elimu. Katika hotuba yake ya kwanza anawaambia watu wa mji kuwa tauni ni adhabu wanayostahili. Kisha mtoto mdogo wa Hakimu Othon anapatwa na ugonjwa. Anachomwa dawa mpya iliyotengenezwa na mzee Castel, na dawa hiyo inamrefushia mateso tu. Padre na daktari wanasimama kando ya kitanda, wakimtazama akijikunja na kulia mpaka anakufa. Rieux anamgeukia padre kwa hasira: huyu walau hakuwa na kosa. Na baadaye kidogo, hasira ikiisha tulia, anamwambia kuwa kwa sasa wao wawili wanafanya kazi moja, na kazi hiyo inawaunganisha kuliko sala na kufuru zinavyoweza kuwatenga.

Hapa ndipo penye moyo wa kitabu. Kifo cha mtoto hakikupewa maelezo. Padre anatoa hotuba ya pili, na safari hii hasemi tena “ninyi” bali “sisi”; anaona kuwa mwamini hana budi kukubali yote au kukana yote, na anafuata njia yake mpaka kufa. Daktari naye hapati faraja yoyote. Tofauti yao haikuondolewa, lakini wote wawili wamekwisha kuonekana wakishiriki kazi moja. Mwandishi hakusema kuwa asiyeamini ni bora kuliko aamini. Alionyesha kuwa mbele ya kitanda cha mgonjwa wajibu wao ni mmoja, ingawa chanzo chake wanakitaja kwa majina mbalimbali.

Wajibu huo hauwi wa mashujaa. Joseph Grand, karani wa manispaa mwenye mshahara mdogo, anahesabu wafu jioni baada ya kazi yake, kisha anarudi nyumbani kusahihisha sentensi moja ya riwaya asiyoweza kuimaliza. Rambert, mwandishi wa magazeti kutoka Paris, anatafuta kwa kila hila njia ya kutoroka arudi kwa mpenzi wake. Njia inapopatikana anaona haya kuwa na furaha peke yake, naye anabaki. Hapana hata mmoja wao aliyeketi kwanza akapata maana ya maisha, ndipo akaanza kutenda. Kazi ilitangulia, na maana ikaja ndani ya kazi, kama joto linavyomjia mtu atembeaye.

Rafiki wa Rieux, Jean Tarrou, anauliza kama mtu aweza kuwa mtakatifu pasipo Mungu. Rieux anajibu kuwa utakatifu si tamaa yake. Yeye anataka kuwa mtu. Jibu hilo likisomwa kwa Kiswahili lina uzito zaidi kuliko linavyodhaniwa kwa mara ya kwanza. Katika Kiswahili mtu mkatili huambiwa si mtu, ijapokuwa ana viungo vyote. Na neno utu halina maana ya kuwa na mwili tu, lina maana ya kuwatendea wengine ipasavyo. Kuwa mtu, kwa lugha hii, ni daraja ya kupandwa. Tena methali husema mtu ni watu. Lugha iliyokuzwa na waumini ilikuwa na neno la kutosha kwa daktari asiyeamini.

Kwa mwanga huo Kazimoto astahili kusomwa upya. Dada yake, Rukia, anapewa mimba na Manase, kisha anakufa. Tangu hapo Kazimoto anachukua kwa jirani yake deni moja tu, nalo ni kisasi. Anamwendea Sabina, dada wa Manase, kwa nia ya kulipiza. Kisha anampenda na kumwoa. Lakini mapenzi hayo yamemkuta akiwa amekwisha zoea kuwa mtazamaji wa watu na hakimu wao. Mtoto wake anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, kama mtoto wa Manase, naye haishi. Balaa ya adui imekuwa balaa yake. Waliotengwa na uadui wameunganishwa na msiba. Hapo Rieux angeona kitanda kingine cha kwenda. Kazimoto anaona ushahidi wa mwisho dhidi ya ulimwengu. Kwa hiyo si sawa kusema kuwa ameuawa na kutoamini. Shaka yake na shaka ya Rieux ni moja. Kilichopungua kwake ni mtu wa kumhitaji na kazi ya kumtoa katika fikira zake.

Walakini haki ya uhakiki yataka Camus naye adaiwe. Oran yake ni mji wa Algeria, na Waarabu wa mji huo hawana jina wala sauti katika riwaya. Rambert alifika mjini kuchunguza hali ya maisha ya Waarabu, na Rieux alimtaka kwanza aseme kama ataruhusiwa kuandika kweli yote. Baada ya hapo uchunguzi huo haupo tena. Kasoro hii haiko pembezoni. Maadamu kitabu kinafundisha kuwa maana ya maisha hutoka katika mwito wa jirani, yafaa kiulizwe ni nani aliyehesabiwa jirani. Imani nyingi za dini zimemjibu mtu swali hilo kwa amri. Asiye na amri hana budi kulijibu kwa macho yake, na macho ya mtu huona karibu. Kezilahabi, kwa upande wake, aliandika majirani wenye majina na nyumba zao, akaonyesha kuwa kujua jina la jirani hakutoshi kumpenda.

Tauni inapokwisha, mnamo Februari milango inafunguliwa, na watu wanacheza barabarani. Tarrou amekwisha kufa, na Rieux amepata simu ya maandishi ya kifo cha mkewe. Hakulipwa chochote. Hata hivyo yeye ndiye anayekata shauri kuandika habari za waliokufa ili wasisahauliwe, na katika kurasa za mwisho anakiri kuwa ndiye aliyekuwa akisimulia tangu mwanzo. Wanafunzi wanaoifunga Kichwamaji kwa huzuni, wakidhani kuwa wameonyeshwa mwisho wa kila mwenye shaka, wana sababu ya kuifungua Tauni baada yake, na kisha kurudi tena Ukerewe wakatafute katika kisa cha Kazimoto ni mlango gani wa jirani alioupita bila kubisha hodi.