Tela Linalojua Kufuata

Mavuno ya mpunga yakianza katika bonde la Usangu, njia za vumbi za Igurusi, Chimala na Ubaruku hujaa mlio mmoja, mlio wa injini ya dizeli ya silinda moja, kuanzia alfajiri hadi giza liingie. Ni pawatila, trekta ndogo za magurudumu mawili, nazo wakati huo hazilimi. Majembe yamefunguliwa na kuwekwa nyumbani, na nyuma ya kila mashine limefungwa tela lenye shehena ya magunia, mara nyingi na watu juu ya magunia. Wapitaji huitazama mashine. Mimi hulitazama tela, kwa sababu ndilo linaloamua kama mzigo na watu watafika, na kwa sababu nyuma ya kila tela zuri yupo fundi aliyekaa nalo akalitengeneza upya, na fundi huyo hasifiwi inavyostahili.

Pawatila ni mashine ya matope. Wakulima wa Japani, China, Thailand na Bangladesh waliizoea kwenye majaruba muda mrefu kabla haijatufikia. Kwetu Tanzania ilisambaa hasa baada ya 2009, kampeni ya serikali ya Kilimo Kwanza ilipotangazwa, kisha halmashauri zikaanza kuzinunua kwa ajili ya wakulima na vikundi vyao. Kilichofuata kilikuwa dhahiri kwa yeyote anayeyajua maisha ya mkulima. Mashine inayolima kwa majuma machache ya msimu haiwezi kuachwa ilale miezi iliyobaki. Ikafungiwa tela, ikawa gari. Ikabeba mpunga, tofali, mchanga, kuni, madumu ya maji, mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Mwili wake lakini ulibaki uleule: magurudumu mawili, injini nzito mbele, mikono miwili mirefu nyuma. Tela likishafungwa, dereva hatembei tena nyuma ya mashine. Anakaa kwenye kiti kilichochomelewa kwenye tela. Amepanda kinachovutwa, na mikononi ameshika kinachovuta. Ugumu wote wa kazi ya fundi unaanzia hapo.

Pawatila haina usukani. Chini ya kila mshikio kuna kishikizo cha klachi ya upande wake. Ukiminya cha kushoto, gurudumu la kushoto linakatiwa nguvu, la kulia linaendelea kusukuma, na mashine inakata kushoto. Hakuna cha kukariri hapo, mkono unaelewa wenyewe. Sasa ifikishe mashine hiyohiyo kwenye mteremko ikiwa na tela lililojaa. Tela linaacha kuvutwa, linaanza kusukuma. Injini nayo inaacha kusukuma, inakuwa ndiyo inayozuia. Minya kishikizo cha kushoto: gurudumu la kushoto, ambalo injini ilikuwa imelishika, linaachiwa na kukimbia, huku la kulia likibaki limeshikwa. Mashine inakata kulia. Dereva ametaka kushoto, amepelekwa kulia. Hofu inamfanya aminye zaidi, na kila anapominya anazidi kwenda kule asikotaka.

Mtu atasema Usangu ni tambarare, mteremko uko wapi? Upo kwenye tuta la mfereji mkuu, ambapo njia hupanda ghafla na kushuka ghafla. Upo kwenye kila kivuko na kila kalvati lililotitia. Mteremko wa hatua kumi unatosha, hasa pale ambapo upande mmoja ni maji.

Kwa hiyo fundi anayeijua kazi yake huanza na breki za tela. Wengi hudhani breki ni ya kusimamia tu. Kwenye pawatila ina kazi kubwa zaidi ya hiyo: inalirudisha tela nyuma. Dereva akikanyaga kidogo kabla hajaanza kushuka, tela linajivuta, mnyoosho kati yake na mashine unarudi, injini inaendelea kuvuta, na kishikizo cha kushoto kinabaki kuwa cha kushoto. Breki hiyo ndiyo inayoufanya uongozaji uwe wa kweli. Nikilifikiria hilo huona kwamba kazi nzima ya fundi wa tela, kila boliti na kila mshono, ni kulifundisha tela jambo moja, nalo ni kufuata.

Matela mengine huja na breki za kiwandani. Yale ya mitaani, yaliyoungwa kwa chaneli na rimu za gari kuukuu, mengi hayana kitu. Fundi hutafuta ekseli ya gari dogo yenye habu na dramu zake, viatu vya breki vikiwa bado vinene, kisha anaunganisha kwa fimbo ya chuma mpaka kwenye pedali iliyo mbele ya kiti. Fimbo ile haiendi moja kwa moja kwenye magurudumu. Inaishia kwenye kipande kifupi cha chuma kinachocheza katikati, ambacho hugawa nguvu kwa usawa kulia na kushoto. Bila kipande hicho gurudumu moja litashika kabla ya jingine, na tela litapinda njiani.

Mtazame anavyorekebisha. Anainua tela na kulisimamisha juu ya magogo, magurudumu yote mawili yakiwa hewani. Analizungusha la kushoto kwa mkono huku akikaza nati ya kurekebishia mpaka asikie viatu vinakwaruza dramu kwa ndani. Anailegeza kidogo, anazungusha tena, anasikiliza. Anafanya vivyo hivyo kulia. Kisha anamwambia kijana wake akanyage pedali nusu, asimalize, naye anashika gurudumu moja kwa kila mkono na kujaribu kuyazungusha kwa pamoja. Anachokitafuta ni ukinzani ulio sawa viganjani. Hakuna kipimo cha saa wala cha namba. Ni mikono miwili inayolinganisha, na ikiona tofauti hurudi kwenye nati. Nimeona fundi akirudi kwenye nati moja hadi mteja akaanza kuguna, naye hakuinua hata macho.

Baada ya breki, uzito. Matela mengi yana ekseli katikati kabisa ya bodi, kwa kuwa hivyo ndivyo macho yanavyopenda. Fundi mzuri huisogeza nyuma shibiri moja. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua mzigo wa kilo 500 uliotandazwa sawasawa bodini, na umbali wa mita 2 kutoka ekseli hadi kwenye pini ya kuungia. Kitovu cha mzigo kikiwa sentimita 20 mbele ya ekseli, kilo 50 zitaangukia kwenye pini, yaani sehemu moja ya kumi. Ekseli ikiwa katikati, pini haibebi kitu, na inatosha magunia mawili yapangwe vibaya nyuma ndipo mkono wa tela uanze kuinuka. Ukiinuka, unainua sehemu ya nyuma ya pawatila, pua yenye injini inainama, na magurudumu yanayovuta yanapoteza mshiko. Kilo zile 50 zinayakandamiza ardhini magurudumu hayo na kuitulizia injini uzito wake. Ukizidisha, pua ndiyo itakayokuwa nyepesi na mikono itakuwa mizito kushika. Mafundi wengine huchukua mizani ileile inayopima mpunga ghalani, wakaegemeza mkono wa tela lililopakiwa juu yake, wakasoma. Sijui kama kuna matumizi bora ya mizani hiyo.

Kanuni hii si ya pawatila pekee. Mwenye pikapu anayevuta tela lililolemewa nyuma ataona mkia ukianza kuyumba kasi inapopanda, kisha ukiyumba zaidi, mpaka pikapu yenyewe inayumbishwa. Pawatila haifiki kasi hiyo, lakini nayo haina uzito wa pikapu wa kuhimili.

Kiungo ndicho sehemu ninayoipenda kuliko zote, labda kwa kuwa haionekani. Pini moja iliyosimama wima inaruhusu kukata kona, basi. Njia ya shamba inataka zaidi ya hapo. Gurudumu moja la tela likizama kwenye korongo huku pawatila iko sawa, kiungo kigumu cha pini hiyo hujaribu kuipindua mashine pamoja na tela, au hukatika. Fundi hutengeneza bomba ndani ya bomba: la nje limechomelewa kwenye mkono wa tela, la ndani linaishia kwenye kichwa cha kuungia, grisi katikati, washa pande zote mbili, na nati iliyofungwa kwa pini ya kupindwa ili isijifungue kwa mtikisiko. Sasa tela linaweza kuinama upande mmoja na mashine isijue. Pembeni ya kiungo anaongeza mnyororo, mrefu wa kuruhusu kona, mfupi wa kutoburuza chini. Pini ikikatika bila mnyororo, mkono wa tela huchoma ardhini na dereva, aliyekaa hapohapo juu yake, hutupwa mbele. Mnyororo unagharimu kidogo kuliko gunia moja la mpunga.

Mkono wa tela hukatikia mahali pamoja karibu kila mara, pale unapoingia chini ya fremu. Kila shimo la njiani huukunja hapo kidogo. Fundi asiyejua huona ufa, hupachika bamba la mraba na kulichomelea pande zote nne, na baada ya msimu ufa mpya hutokea kandokando ya bamba lake. Moto wa weldingi hubadilisha chuma kilicho karibu na mshono. Mshono ukiukata mkono kwa upana, unakuwa kama mstari uliokunjiwa karatasi, na chuma kitajikunja hapo. Fundi mwenye maarifa hukata bamba kwa umbo la almasi, ncha zake zikielekea mbele na nyuma, akachomelea kufuata urefu na kuziacha ncha bila mshono wa kukatiza. Nguvu inaingia kwenye bamba polepole na kutoka polepole. Ukilala chini ya tela na kuona umbo hilo, jua umeshika kazi ya mtu anayefikiri.

Kuhusu starehe, sikubaliani na wanaoiona ni anasa. Injini ya silinda moja inatetemesha mikono kuanzia asubuhi, na jioni vidole vya dereva vina ganzi. Vidole vyenye ganzi huminya kwa kuchelewa. Kwa hiyo mpira wa tyubu kuukuu unaozungushiwa mishikio ni kifaa cha usalama, na kiti chenye springi ni kifaa cha usalama. Upepo wa tairi pia: tairi za gari zilizojazwa kupita kiasi kwa tela lenye mzigo mdogo hurusha kila kokoto mpaka uti wa mgongo. Kabla ya kuchomelea kiti, fundi anamwita dereva mwenyewe akae, ashike mikono, aweke mguu kwenye pedali. Kiti kikiwa nyuma mno, dereva anainama na hana nguvu ya kukanyaga. Kikiwa mbele mno, mikono inamgonga tumboni wakati wa kukata kona. Dereva mfupi na dereva mrefu hawapaswi kuachiwa kiti kimoja. Kisha kuna bamba juu ya tairi la kuzuia tope na kuzuia mguu wa mtu usiteleze huko. Tela limetengenezwa kwa mizigo, na fundi analijua hilo, lakini anawajua pia akina mama wanaorudi na mavuno yao, kwa hiyo anaongeza vyuma vya pembeni vya kushika. Huo nauita utu.

Usiku ni habari nyingine. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita palepale, na malori yake hayasubiri. Pawatila inakwenda kilomita 15 hivi kwa saa, na yenyewe ina taa moja mbele, pengine haiwaki. Anayeijia kwa nyuma anaona giza mpaka dakika ya mwisho. Stika za kung'aa, nyekundu nyuma na nyeupe mbele, zikibandikwa kwenye kona za bodi ili dereva wa lori ajue upana wa kitu kilicho mbele yake, hazihitaji waya wala betri. Fundi asiyezibandika mwenyewe kwa kusubiri mteja aombe hajaimaliza kazi.

Laiti wataalamu wa vyuo vya ufundi vya VETA na wa CAMARTEC ya Arusha, ambayo kazi yake ni zana za kilimo, wangekaa na mafundi hawa wakachora vipimo vyao: nafasi ya ekseli, bomba ndani ya bomba, bamba la almasi. Maarifa hayo kwa sasa yanahama kwa kijana kumshikia fundi tochi, na kijana akienda mjini kutafuta maisha yanaondoka naye. Wenye mashine nao wana deni lao. Mwenye tela hulipia bodi ndefu ili abebe zaidi kabla hajalipia breki, kisha humlaumu dereva.

Kazi ikikamilika, tela halitoki karakana moja kwa moja kwenda shambani. Linapakiwa magunia kamili, fundi anakaa mwenyewe kwenye kiti, anakwenda mpaka kwenye tuta la mfereji. Anaingiza gia ndogo akiwa bado juu, anakanyaga kidogo, anashuka, na katikati ya mteremko anaminya kishikizo cha kushoto. Mashine ikienda kushoto anarudi, anagusa habu zote mbili kwa kiganja kuona kama beringi zimepata moto, analala chini kuangalia mishono. Rangi hupakwa baada ya hapo, na mteja ndiye anayeichagua.