Nyangumi Safi kwenye Karatasi Nyeupe

Kwa miaka kadhaa nimekuwa na mchoro wa nyangumi ukutani, juu ya meza ninayoandikia. Nilitoa nakala yake kutoka kitabu cha William Scoresby kuhusu nchi za Aktiki, kilichochapishwa mwaka 1820. Nyangumi wa Greenland amechorwa kwa ubavu, mdomo umejipinda, jicho ni dogo ajabu. Nyuma yake hakuna mashua wala chusa. Ni karatasi nyeupe tu. Nilimpenda kwa utulivu wake.

Halafu nikasoma kitabu chenyewe. Scoresby alikuwa nahodha wa meli za kuwinda nyangumi kutoka Whitby, Uingereza, na pia mwanasayansi makini kwelikweli. Waandishi waliomtangulia walikuwa wamempa nyangumi huyu urefu wa futi 100 na zaidi. Yeye akakataa: kati ya nyangumi 322 alioshiriki kuwakamata, anaamini hakuna hata mmoja aliyezidi futi 60.

Hebu itazame tena hiyo 322. Ndiyo inayofanya mchoro uaminike, na ndiyo hesabu ya maiti. Kipimo sahihi kilipatikana kwa kuua.

Hapo ndipo ninapogombana na mchoro wangu. Scoresby mwandishi hafichi kitu. Anaeleza jinsi mtoto wa nyangumi, asiye na faida kubwa, anavyochomwa chusa makusudi ili mama yake aje kumwokoa, naye auawe. Anakiri kwamba kuutazama upendo huo kunauma, ila thamani ya windo hushinda huruma. Maneno yake yamekiri. Mchoro umenyamaza.

Linganisha na kazi ya Jan Saenredam ya mwaka 1602, inayoonyesha nyangumi aliyekwama ufukweni karibu na Beverwijk, Uholanzi. Huyo hakuwindwa, lakini kifo chake kiko wazi. Umati umekuja kushangaa, mheshimiwa mmoja ameziba pua kwa leso, na msanii amejichora mwenyewe pembeni, kazini. Ni kama anatuambia: hii ni maiti, inanuka, na mimi nilikuwepo.

Najua utaniambia kazi ya mchoro wa sayansi ni kuonyesha umbo, basi. Sawa, nakubali. Mtu aliyefungua kitabu cha Scoresby mwaka 1820 angeukuta uwindaji humo humo. Juzuu ya pili nzima inauhusu. Aliyeutenga mchoro na habari zake ni mimi. Nilichukua nyangumi, nikaacha damu kitabuni, kisha nikasifu utulivu wake. Na wala siko peke yangu. Michoro ya aina hii siku hizi iko kwenye vikombe na mito ya makochi.

Sijaubandua. Nimeandika 322 chini yake kwa penseli, ili mgeni akiuliza ni namba ya nini, nimweleze.